Watoa huduma wawili, bahari moja

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mfamasia wa duka letu la dawa la Kariakoo alinipigia simu. "Kaka, mfumo umegoma. Nina foleni hapa na sioni bei hata ya dawa moja." Nikamwambia ahamie laini ya pili, maana kila duka lilikuwa na intaneti ya kampuni mbili tofauti. "Nimeshahamia. Nayo haipatikani."

Kwenye daftari letu la vihatarishi, mstari huo ulikuwa na alama ya kijani: intaneti kukatika, kinga ni watoa huduma wawili. Wiki chache nyuma, dada aliyekuwa akipima programu zetu aliuliza kampuni hizo mbili zinapita wapi baharini. Kikao kizima kikakosa jibu. Siku ile tulilipata: nyaya za intaneti za EASSy na Seacom, zinazopita chini ya bahari, zilikuwa zimekatika kaskazini mwa Durban, Afrika Kusini, na upande wa pili, wa kaskazini, njia ilishadhoofika, kwani tangu Februari nyaya kadhaa zilikuwa zimekatika kwenye Bahari ya Shamu. Seva yetu, yaani kompyuta inayoendesha mfumo wa maduka, ilikuwa Ulaya. Ingekuwa Dar, maduka yangeifikia bila kuvuka bahari.

Aliyetuokoa ni huyo dada. Hakukubali swali lake lifie kikaoni. Alisukuma mpaka tukapeleka Mbagala toleo la majaribio linalohifadhi mauzo kwenye kompyuta ya duka na kuyatuma mtandao ukirudi. Mbagala waliuza kutwa nzima, huku Kariakoo wakiandika kwenye karatasi na kupiga simu kila mara kuuliza bei. Sijawahi kumheshimu mtu kazini kama nilivyomheshimu yeye jioni ile, na nilimwambia.

Mtandao ulirudi kwa kusuasua. Mauzo ya Mbagala yakaingia yote, ila idadi ya dawa za presha zilizobaki ikasoma hasi, kwa sababu ghala lilishapeleka makasha ambayo mfumo haukuwa na habari nayo. Tulikesha tukilinganisha risiti moja moja. Kazi ile ilichosha kuliko kukatika kwenyewe.

Kikao kilichofuata, dada yule aliongeza safu mpya kwenye daftari: "Kinga hii inategemea nini?" Tukaanza na nakala rudufu za hifadhidata. Zilikuwa mbili, alama ya kijani. Zote zilikaa kwenye akaunti moja, yenye nywila moja. Hatukuinuka mezani mpaka moja ikahamishwa.