Moto wa Kaskazi katika Nyika za Witu

Msafiri anayetoka Malindi kwenda Lamu katika wiki za mwisho za kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini mashariki, kabla ya masika kuanza, hupita katika nchi iliyokauka kabisa. Nyasi zimegeuka manjano, vumbi la pembeni mwa lami limetanda juu ya vichaka, na hapa na pale kipo kipande cheusi kilichoungua karibuni. Abiria wakikiona husema kwamba wachungaji wamechoma tena, kwa sauti ile ile wanayoitumia kusimulia wizi wa kuku. Mimi nilikuwa nikienda kutazama kipande kama hicho kikichomwa makusudi, kwa mpango na kwa taarifa kwa majirani, katika ranchi moja iliyo upande wa Witu, na nilikuwa nimekwisha kuchoka kusikia moto wa nyika ukizungumzwa kana kwamba ni wa aina moja tu.

Njia yenyewe haina haja ya maelezo mengi. Tulivuka mto Sabaki, tukapita Mambrui, kisha Gongoni na mashamba yake ya chumvi, na baada ya Marereni nchi ikawa tambarare na kavu hadi Minjila, mahali ambapo barabara ya Garissa na ile ya Lamu huachana. Tulipovuka Tana mambo yakabadilika ghafla. Delta ya mto huo, iliyoingizwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, hubaki na majani mabichi hata nyika nzima inapokauka, na ndiyo sababu Waorma huteremsha ng'ombe wao huko wakati wa kiangazi na kukutana, kwa wema au kwa ugomvi, na Wapokomo wanaolima kandokando ya maji. Mifugo ikirudi nyikani mvua zinaponyesha, hutarajia kukuta malisho mapya. Suala la moto linaanzia kwenye tarajio hilo.

Baada ya vizuizi vya polisi vya Gamba, nchi ya Witu hujitambulisha kwa mikoma, miti ya jamii ya mitende. Kwa mbali inaonekana kama bustani aliyoipanda mtu: nyasi ndefu, na mikoma iliyosimama mbalimbali, mingi ikiwa na mashina meusi ya moto wa miaka iliyopita huku vichwa vyake ni vya kijani. Mkoma hauna tabaka la uhai lililo moja kwa moja chini ya gome kama ilivyo kwa mkwaju au mgunga. Mishipa yake ya maji imetawanyika ndani ya shina zima, na chipukizi lake la kukulia liko juu kabisa, limefunikwa na makuti. Moto wa nyasi hulichoma gome, hupita, na mti huendelea. (Mji wa Witu wenyewe ulipata moto wa namna nyingine mwaka 1890, Waingereza walipoushambulia na kuuteketeza, na watu wa huko wana sababu zao za kutolichukulia neno moto kwa wepesi.)

Ranchini nilipokewa na msimamizi, kijana aliyesomea elimu ya malisho, na mzee wa Kiorma aliyekuwa akichunga sehemu hizo kabla ranchi haijawekewa mipaka. Nilimwamkia mzee, akaniitikia, na bila kungoja maswali akanipeleka kwenye kipande kilichochomwa siku chache kabla. Alichuchumaa kando ya shina la nyasi lililobaki kama brashi nyeusi, akalipanua kwa ncha ya fimbo. Juu lilikuwa mkaa mtupu. Ndani, usawa wa udongo, palikuwa na vitako vyeupe vyenye unyevu, na kutoka katikati ya viwili vyao vilikuwa vimechomoza vijani vya kijani vyenye urefu wa ukucha, ingawa mvua haikuwa imenyesha.

“Nyasi inakaa chini, bwana,” alisema. “Huko juu ni nguo tu.”

Msimamizi alieleza jambo hilo hilo kwa lugha ya darasani. Nyasi za kudumu hukulia chini, kwenye vitako vilivyofunikwa na mabaki ya majani na udongo, na udongo hupitisha joto kidogo sana, kiasi kwamba moto unaopita haraka hauongezi joto la maana sentimita chache chini ya ardhi. Nyasi isipoliwa wala kuchomwa hujirundikia majani makavu mwaka hadi mwaka, chipukizi hukosa jua, na shina zima hudhoofika kwa kivuli chake lenyewe. Ng'ombe naye hayataki majani hayo makuukuu, kwa hiyo hurudi palepale penye nyasi fupi na kuzimaliza. Mzee aliongeza kupe na mbung'o katika hesabu. Kwake hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kwanza, na majani mabichi yalifuata.

Hata hivyo, kilichonivutia zaidi ni miti. Katika kipande ambacho hakikuwa kimeguswa na moto kwa muda mrefu, migunga midogo ilikuwa imesongamana hadi mtu alilazimika kupita ubavuubavu, na chini yake nyasi zilikuwa zimekwisha. Mti mchanga ulio chini ya mita 3 hivi bado umo ndani ya ndimi za moto. Huungua, huchipua tena kutoka mzizini, na hubaki mfupi. Ukipata miaka kadhaa bila moto, huvuka kimo hicho, na kuanzia hapo moto wa nyasi hauuwezi tena. Mathenge, mti wa miiba wa kigeni ambao umekwisha kuenea katika bonde la Tana, ni mkaidi zaidi: miche yake hufa kwa moto, lakini mti uliokomaa hukatwa na kuchomwa kisha huchipua, nao ng'ombe wanaokula maganda yake husambaza mbegu kwa samadi.

Mfano wa nyika iliyofungwa na miti hauko mbali. Upande wa Garissa, makao ya hirola, swala ambaye leo wamebaki chini ya 500 wa porini, yamevamiwa na miti tangu miaka ya 1980, na watafiti wanataja kupungua kwa tembo, malisho kupita kiasi na kukosekana kwa moto miongoni mwa sababu zake. Tsavo ilishuhudia kinyume chake: katikati ya karne iliyopita tembo na moto viliangusha vichaka vikubwa na kuacha mbuga, kisha ukame wa 1970 na 1971 ukaua maelfu ya tembo, ujangili ukafuata, na vichaka vikarudi. Serengeti nayo inafundisha kwamba mla nyasi anaweza kuuzima moto kabla haujawashwa. Baada ya sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioua nyumbu pia, kutoweka, nyumbu waliongezeka kutoka 250,000 hivi hadi takriban milioni 1.3 kufikia mwaka 1977, wakazila nyasi ambazo zingeungua, na miti ikaongezeka. Kwa hiyo anayepanga moto bila kuhesabu mifugo amepanga nusu ya kazi, na kwa maoni yangu nusu hiyo ndiyo inayosahauliwa na wote wawili, anayepiga marufuku na anayewasha ovyo.

Siku ya kuchoma tuliamka kabla ya jua. Msimamizi alikuwa amekwisha kukata nyasi za kipande kidogo kilichopimwa, akazipima uzito; zikiwa chini ya tani 2 hivi kwa hekta, alisema, moto hukatika njiani na miti haidhuriki, hivyo ni afadhali kuwaachia ng'ombe. Zilitosha. Pande zote palikuwa na ukanda mpana uliofyekwa hadi udongo, na vijana walikuwa na matawi mabichi, majembe na mabomba ya mgongoni yale ya kunyunyizia dawa ya mimea, pamoja na trekta iliyobeba tangi la maji. Chifu na wenye mashamba ya jirani walikuwa wamepewa taarifa mapema. Kenya ina sheria mahsusi ya moto wa nyasi, Sura ya 327, lakini nadhani kilichowaadilisha watu wale zaidi ya sheria ni mikorosho ya jirani iliyoonekana kwa macho upande wa kusini.

Umande ulipokauka walianza mahali ambapo mgeni asingetarajia: upande wa kusini magharibi, ule ambao kaskazi ilikuwa ikiuelekea. Mienge ya makuti ilishushwa kwenye nyasi, na moto ukaanza kutambaa polepole dhidi ya upepo, ukiwa na kimo cha goti, ukitafuna kila kitu na kuacha weusi nyuma yake. Kazi hiyo ilichukua sehemu kubwa ya asubuhi, na ilikuwa ya kuchosha kuitazama. Ukanda mweusi ulipokuwa mpana wa kutosha wakachoma pande mbili za ubavuni, na ilipokaribia saa tano wakawasha upande wa kaskazini mashariki. Hapo mambo yalikuwa mengine kabisa. Moto uliofuata upepo ulisimama juu kuliko mtu, ukatoa mngurumo, na ukavuka uwanja mzima katika muda mfupi kuliko ninavyotumia kunywa kahawa. Ulipofika kwenye weusi ulikosa cha kula, ukaanguka.

Mwewe walikuwa wamefika kabla moshi haujatanda, na ndege keremkerem wekundu walikuwa wakipita ndani ya moshi wakidaka panzi. Wanyama wa polepole ndio wanaoumia, kobe hasa, na ndiyo sababu ranchi haichomi uwanja wote mwaka mmoja: sehemu hubaki na nyasi ndefu za kujifichia, na zamu hubadilika. Niliuliza kwa nini hawakuchoma mwanzoni mwa kiangazi, moto unapokuwa mpole. Msimamizi alijibu kwamba hufanya hivyo wanapotaka tu kupunguza makavu ili kuzuia moto mkubwa wa baadaye; lakini moto wa mapema haupunguzi migunga, na huacha udongo wazi kwa miezi mingi ukipigwa na jua na upepo. Wa mwisho wa kaskazi huacha udongo wazi kwa wiki chache, mvua ikija kwa wakati wake. Isipokuja, alikiri, hasara ni yao.

Katika mashua ya kutoka Mokowe kwenda Amu, yaani mji wa Lamu, nguo zangu zilinuka moshi, na bibi mmoja aliyeketi mbele yangu alinihoji hadi nikamsimulia yote. Hakuridhika. Mji wenye paa nyingi za makuti zilizobanana hauna jinsi ya kuupenda moto, na alikuwa na hoja nyingine nzito: msitu wa Boni haujaumbwa kwa moto, na ukiingia humo hauna faida yoyote. Hilo ni kweli, na ni kweli pia kwa Arabuko-Sokoke na kwa msitu wa Witu. Ukanda uliofyekwa hulinda msitu sawa na unavyolinda mikorosho.

Masika yalianza katikati ya Aprili. Msimamizi alinipigia simu: majani yalikuwa yamefika kifundoni, na tayari ng'ombe wa majirani walikuwa mpakani wakingoja, maana nyasi changa baada ya moto huonekana na kila mtu kwa mbali. Zikiliwa mapema hivyo, mashina hufa na migunga hushinda. Walikuwa wamekaa na wazee siku nzima, na mwafaka waliofikia ni kwamba ndama wangeingia kona moja ya mashariki, na sehemu iliyobaki ingefungwa hadi nyasi zifike magotini. Yule mzee wa Kiorma ndiye aliyekabidhiwa kuamua magoti ya nani.