Sindano 26 za mwanangu, jinsi tulivyopambana valvu za moyo wake zisiharibike

Nianze na mdogo wangu wa kike maana bila yeye mi nisingejua lolote kuhusu homa ya rumatiki na inavyoharibu moyo. Alikuwa kidato cha pili magoti yalipoanza kumvimba, leo goti la kushoto, keshokutwa linapoa maumivu yanahamia kwenye kifundo cha mguu, mara kiwiko, na homa juu. Nyumbani tukasema malaria, wengine wakasema amerogwa, akapewa panadol na dawa ya kuchua, baada ya wiki kama tatu akapona akarudi shule. Tukasahau kabisa. Akiwa na miaka 24 na mimba ya miezi sita akaanza kushindwa kulala, akijilaza tu anakohoa, inabidi akae ameegemea mito usiku kucha, anahema kama katoka kukimbia, ndo tukaambiwa valvu moja ya moyo, yaani milango inayopitisha damu, imebana na nyingine inavuja. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu, ila yeye baadae ilibidi afunguliwe kifua awekewe valvu ya chuma. Mpaka leo anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku na damu anapima mara kwa mara kuona isije ikawa nyepesi mno au nzito mno, na kila akisikia kuna dawa mpya za damu ambazo hazihitaji kupimwapimwa anaenda kuuliza, na kila akiuliza anajibiwa kwa mwenye valvu ya chuma hizo hazifai, zilishajaribiwa zikashindwa. Kuzaa tena nako kukawa mtihani maana warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Daktari wake siku moja alikaa na sisi akatueleza chanzo, nikabaki nimeduwaa. Yote yale yalianzia kooni. Kuna bakteria anaitwa streptokoka anayeleta mafindofindo, mtoto asipopata dawa sahihi mwili unapigana nae wenyewe, sasa kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili inachanganya, inaona valvu za moyo na maungio zinafanana na yule bakteria, inaanza kushambulia mwili wake mwenyewe. Hiyo ndo homa ya rumatiki. Maungio yanapona, valvu hazisahau, na kila koo likiambukizwa tena zinapigwa tena, zinakuwa ngumu, zinashikana, miaka inapita mtu hajui. Akasema pia ugonjwa huu unafuata familia na nyumba za watu wengi, kwahiyo kama nina watoto niwalete wapimwe eko, kile kipimo cha picha ya moyo, hata kama hawaumwi.

Nilikaa miezi mitatu sijaenda. Nasema ukweli, niliogopa majibu. Mwishowe nikawapeleka wote wawili, wa kiume alikuwa na miaka 11 na wa kike 6. Eko haiumi, wanakupaka ile jeli ya baridi kifuani wanapitisha kile kidude wanaangalia moyo kwenye skrini, dakika chache tu. Wa kike yuko sawa. Wa kiume, yule yule anayecheza mpira mpaka magharibi, akakutwa na valvu ya mitrali, ile ya upande wa kushoto wa moyo, imeanza kuwa nene kidogo na inavuja kidogo. Siku hizi wanagawa ugonjwa kwa hatua kuanzia A mpaka D, D ndo mbaya zaidi, yeye wakaandika B. Hana dalili yoyote, ukiweka sikio kifuani husikii kitu.

Hapo ndo nikauliza swali ambalo mzazi yeyote angeuliza, sasa tunafanyaje? Na jibu lake ndo limenifanya niandike hii. Daktari alisema miaka michache tu nyuma angeshindwa kunijibu kwa uhakika, maana mashine za eko zilikuwa zinaonyesha watoto wa namna hii ila hakuna aliyekuwa na ushahidi kwamba kuwatibu mapema kunasaidia, wengine waliwachoma sindano wengine waliwaacha wanawaangalia tu. Majibu yalitoka hapa hapa jirani, Gulu, kaskazini mwa Uganda. Walipima watoto zaidi ya laki moja mashuleni, wakapata 818 wa miaka 5 mpaka 17 wenye ugonjwa uliojificha kama wa mwanangu, nusu wakachomwa penisilini ya benzathini, dawa ya kumzuia yule bakteria wa koo asirudi, kila baada ya wiki 4 kwa miaka miwili, nusu hawakuchomwa. Matokeo yalichapishwa 2022. Kwenye kundi la sindano watoto ambao eko ilionyesha ugonjwa umesogea mbele walikuwa 3, kwenye kundi lingine 33. Nilimwomba arudie namba. Watatu na thelathini na watatu. Na dawa yenyewe sio ya ajabu, ni penisilini ile ile ya tangu enzi za bibi zetu, bei yake mtu wa kawaida anaimudu. Mi nikawaza mdogo wangu angepimwa akiwa na miaka 11...

Nikauliza kwanini isiwe vidonge, mtoto asiteseke. Akasema vidonge vipo, mara mbili kwa siku kila siku, hesabu mwenyewe ni vidonge 56 kwa wiki 4 na mtoto akianza kuruka ruka ulinzi unakatika, na hata wanaovimeza vizuri sindano imeonekana inalinda zaidi. Tukakubaliana sindano.

Sasa kama hujawahi kuona hiyo sindano nikwambie, ni mateso. Dawa ni unga kwenye chupa, inachanganywa na maji inakuwa nzito kama maziwa, inachomwa ndani kabisa kwenye tako, na ikicheleweshwa inaganda kwenye sindano inabidi kuchoma upya. Mwanangu alikuwa na kilo 32 kwahiyo dozi yake ni yuniti milioni 1.2, dozi sawa na ya mtu mzima. Ya kwanza alilia, ya pili alilia zaidi maana sasa alikuwa anajua inavyouma, ya tatu nilimtafuta kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili jioni, alijificha kwa rafiki yake mtaa wa tatu. Mama mkwe akanijia juu, "mkwe, mtoto anakimbia anacheza, unamuuguza mwenyewe kwa masindano." Simlaumu, kwa macho hakuna ugonjwa pale. Nilichofanya nilimchukua mama mkwe tukaenda nae kwa mdogo wangu, nikamwomba mdogo wangu afungue vifungo amwonyeshe lile kovu la kifuani na amsikilizishe ile valvu inavyolia ti, ti, ti kama saa, ukikaa kimya chumbani unaisikia kabisa. Hakuongea kitu. Tangu siku hiyo yeye ndo akawa anamwandaa mtoto siku ya sindano.

Kilichobadilisha mambo ni nesi mmoja wa kiume, mtu mzima kidogo, nilimpata ile sindano ya nne. Kwanza hakumkamata mtoto kwa nguvu, alimsalimia akamuuliza timu gani anashabikia. Afu akaishika chupa mkononi kwa muda ipate joto maana dawa ya baridi inauma zaidi, akaichanganya na lignokeini kidogo, ile ya ganzi, daktari aliandika kwenye karatasi kwamba inaruhusiwa. Akapaka spiriti akasubiri ikauke kabisa. Akamlaza kifudifudi, akagandamiza kwa kidole gumba pale pale anapotaka kuchoma kama sekunde kumi, ndo akaingiza, na dawa aliisukuma polepoleee, dakika mbili nzima mpaka tatu huku wanaongea mambo ya mpira. Mtoto alitoa machozi lakini hakupiga kelele. Akaniambia mama, wengi wanasukuma haraka wakidhani wanamsaidia mtoto, kumbe ndo wanamuumiza. Nikachukua namba yake ya simu siku hiyo hiyo.

Jambo jingine alilonifundisha, mtoto asichomwe na njaa. Awe amekula na amekunywa maji ya kutosha, na achomwe amelala, sio amesimama. Kumbe wataalamu wa moyo wa Marekani walitoa angalizo 2022 kwamba baadhi ya wagonjwa waliofariki baada ya hii sindano sio aleji kama watu wote walivyokuwa wanaamini, ni wale ambao valvu zimeshaharibika vibaya au moyo umechoka, maumivu na hofu vinashusha presha ghafla moyo unashindwa kuhimili, hao wanashauriwa wapewe vidonge badala ya sindano. Kwa mtoto wa hatua ya mwanangu hatari hiyo ni ndogo sana, lakini kula, kunywa na kulala havigharimu kitu. Basi mama mkwe ikawa kazi yake, michembe na chai ya maziwa saa tisa, na kopo la maji.

Na hii imenisaidia kuelewa kwanini kuna sehemu tulikataliwa. Nesi wangu alisafiri, nikaenda dispensari nyingine, dada wa pale akaangalia chupa akanirudishia, "siwezi, mtoto asije akanifia mikononi." Nilitoka nalia. Baadae nikarudi kwa daktari akaniandikia barua yenye jina la ugonjwa, dozi, tarehe ya sindano zote alizochomwa bila tatizo na namba yake ya simu, nikaitia kwenye plastiki naenda nayo kila mahali. Sikukataliwa tena. Kama una mtoto wa hivi omba hiyo barua siku ya kwanza kabisa, usisubiri yakukute.

Kuhusu tarehe, hapa ndo wengi tunaanguka bila kujua. Wiki 4 sio mwezi. Mi mwanzoni niliandika kila tarehe 5, nesi akanikatalia, akasema hesabu siku 28, mwaka una sindano 13 sio 12, ukienda kwa tarehe za mwezi unaiba siku mbili tatu kila mara na ndo siku hizo dawa imeshapungua kwenye damu. Nikanunua kalenda ya ukutani nikazungushia Ijumaa ya kila wiki ya nne, mwaka mzima, kwa kalamu nyekundu. Ijumaa nilichagua makusudi, anachomwa jioni baada ya shule, Jumamosi anachechemea nyumbani, Jumapili anaanza kukimbia, Jumatatu darasani hakuna anayejua. Hilo lilimgusa sana kuliko maumivu yenyewe, alikuwa hataki wenzake wamuone mgonjwa. Mwalimu wa darasa tu ndo nilimwambia.

Sindano ya tisa tulichelewa siku tano. Dawa iliisha, nilizunguka maduka ya dawa saba, nikapata la nane mjini. Usiku wa siku zile nilikuwa namwangalia akilala, nahesabu anavyohema, akikohoa moyo unanipasuka. Daktari akaniambia achomwe siku hiyo hiyo dawa inapopatikana na siku 28 zianze kuhesabiwa upya kuanzia hapo, basi nikafuta kalenda nikaanza kuchora upya. Tangu hapo nikawa na chupa moja ya akiba nyumbani muda wote, chumbani sehemu kavu yenye ubaridi mbali na jiko, naangalia tarehe ya kuisha, ikitumika moja nanunua nyingine wiki hiyo hiyo hata kama hela ya kodi haijatimia.

Nilivyosoma kuhusu wale watoto wa Gulu niliona karibu wote walimaliza sindano zao, na haikuwa bahati, walikuwa na watu wa kuwafuatilia na vikundi vya watoto wenzao wanakutana. Sisi hatukuwa na kikundi. Tulikuwa na bibi, kalenda na nesi mmoja. Mume wangu anafanya kazi mbali, yeye kazi yake ilikuwa kupiga simu Ijumaa usiku aongee na mwanae, sio kuniuliza mimi, aongee na mwanae, na mtoto alikuwa anaisubiri hiyo simu.

Sindano ya 26 alitembea mwenyewe kwenda, ana miaka 13, sauti imeanza kukwaruza. Baada ya wiki tatu tukaenda eko. Nilibaki nje kwenye benchi maana miguu iligoma, akaingia na bibi yake. Daktari akaniita, akaweka picha ya zamani na ya sasa pamoja. Valvu haijaongezeka unene, kuvuja hakujaongezeka, akasema pengine kumepungua kidogo lakini hataki kunipa maneno matamu, la msingi halijasogea mbele. Tukakubaliana tusimamishe sindano, eko kila mwaka, na koo lolote linalouma kwa homa bila mafua wala kikohozi asikae nalo ndani hata siku mbili, aende akaangaliwe. Ugonjwa ukionekana umesogea tutarudi kwenye sindano bila mjadala.

Mdogo wangu alipopata habari alikaa kimya kwenye simu muda mrefu mpaka nikadhani imekatika. Afu akaniuliza huyu mwanangu wa kike nae lini anarudia kipimo. Mwezi wa sita. Na jana usiku kalalamika koo, nimemmulika na tochi ya simu nimeona mekundu na kuna vidoa vyeupe, kesho saa moja asubuhi tunaenda.