Kielekezi Kilichoachwa Wazi: Uzoefu Wangu na Hifadhidata ya Mizani za Chai

Nilipokabidhiwa programu ya kutunza uzito wa majani mabichi ya chai ya wakulima wadogo wa Rungwe, seva ya hifadhidata ilikuwa katika chumba kidogo Mwanjelwa, jijini Mbeya, na makarani walioitumia walikuwa Tukuyu. Kila mwisho wa mwezi karani wa malipo alitakiwa kuchapa hati za wakulima kutokana na rekodi zipatazo 180,000, na kila mwisho wa mwezi kompyuta yake iliganda. Yeye alilaumu mvua ya Tukuyu, mimi nililaumu mtandao, na sote wawili tulikosea: tatizo lilihusu kielekezi (kwa Kiingereza cursor), yaani alama ambayo seva hutumia kukumbuka msomaji amefikia wapi katika jibu.

Hifadhidata yetu ni PostgreSQL, na programu imeandikwa kwa lugha ya Python kwa kutumia draiva ya psycopg2, yaani kiunganishi kati ya programu na hifadhidata. Draiva hiyo huita kasa, yaani cursor, kila chombo kinachopeleka swali kwa seva (watu wa pwani watanisamehe, kwao kasa ni mnyama wa baharini), nami kwa kuliona jina hilo katika msimbo niliamini kwamba rekodi zilikuwa zinabaki kwenye seva na kuchotwa kidogo kidogo. Sivyo. Kasa isiyopewa jina hukaa upande wa mtumiaji: seva humwaga jibu lote, nalo hujaa katika kumbukumbu ya kompyuta ya karani kabla programu haijaiona hata rekodi ya kwanza. Kielekezi cha kweli cha seva hupatikana pale tu kasa inapopewa jina, kwa kuwa hapo draiva hupeleka amri ya DECLARE na seva huanza kukumbuka msomaji amefikia wapi.

Basi nikaipa jina, nikafurahi, na kazi ikawa mbaya kuliko awali. Nilikuwa nikichota rekodi moja moja, na kila mchoto ulikuwa safari kamili ya kwenda Mbeya na kurudi Tukuyu. Nilipopima, safari moja ilichukua milisekunde 60. Zidisha kwa rekodi 180,000, unapata saa tatu ambazo zimekwisha katika kusubiri tu. Nilipobadilisha ili programu ichote mafungu ya rekodi 1,000, safari zilibaki 180, na kusubiri kote kukawa chini ya sekunde 11, mbali na muda wa data yenyewe kupita. Fungu likiwa kubwa mno unarudia tatizo la kumbukumbu, likiwa dogo mno unalipia njia. Kwa mtandao wetu 1,000 ilitosha, na sikuona haja ya kutafuta namba nzuri zaidi.

Kwa kuridhika na hilo, nikafanya kosa ambalo ndilo hasa lililonisukuma kuandika. Nilitumia kielekezi hicho hicho katika dirisha la kupekulia rekodi, ambako karani husogeza ukurasa baada ya ukurasa kwa mkono. Siku moja nikiwa Mbeya niliongeza safuwima moja katika jedwali la mizani, kazi ambayo kwa kawaida huisha kabla hujapepesa jicho, nayo ikakwama. Baada ya dakika chache simu zikaanza kuingia kutoka vituo vya kununulia majani: "Kaka, mizani haipokei, wakulima wamejaa hapa."

Nilifungua pg_stat_activity, orodha ya miunganisho iliyopo kwenye seva, nikakuta muunganisho mmoja uliokaa kimya kwa karibu saa mbili ndani ya muamala (kundi la amri zinazokubaliwa au kukataliwa kwa pamoja). Karani alikuwa amefungua dirisha, akasoma kurasa mbili, kisha akaenda kula. Kielekezi cha kawaida huishi ndani ya muamala, na muamala ule, hata kama ulisoma tu, uliendelea kushikilia kufuli jepesi la jedwali, linalowaruhusu wengine kusoma na kuandika. Amri yangu ya kuongeza safuwima ilihitaji kufuli zito, lisiloruhusu mwingine yeyote kuligusa jedwali, ikapanga foleni nyuma yake, na kila aliyekuja baadaye, zikiwamo mizani zote, akapanga foleni nyuma yangu. Zaidi ya hayo, muamala wa namna hiyo huizuia seva isifagie rekodi zilizokufa (matoleo ya zamani yasiyohitajika tena), hivyo majedwali yananenepa bila sababu.

Niliukata muunganisho ule, mizani zikaanza kupokea, kisha nikapanda gari la Tukuyu kupitia Uyole na Kiwira ili nikazungumze na karani ana kwa ana, maana hakuwa na kosa lolote. Aliyekosea ni mimi niliyemweka binadamu katikati ya michoto miwili.

Nilifikiria kutumia WITH HOLD, ambayo hukiwezesha kielekezi kuishi baada ya muamala kuthibitishwa, lakini seva hulazimika kuandika nakala ya jibu lote pembeni na kuitunza hadi kielekezi kifungwe au muunganisho ukatike, nami sikutaka kubebesha seva mzigo wa madirisha yaliyosahauliwa. Niliondoa kielekezi kabisa katika dirisha la kupekulia: sasa kila ukurasa ni swali jipya linaloomba rekodi 50 zenye namba kubwa kuliko ya mwisho iliyoonekana, na kwa kuwa namba hiyo ina faharasa, jibu huja haraka. Kielekezi kimebaki katika uchapaji peke yake, ambako hakuna anayesubiriwa, na hufungwa hata uchapaji ukishindikana. Pia niliweka idle_in_transaction_session_timeout kuwa dakika tano, ili seva ikate muunganisho unaokaa kimya ndani ya muamala zaidi ya hapo, iwe kinga dhidi ya uzembe wangu wa kesho.

Jambo moja lilibaki. Karani alisahihisha uzito wa mkulima mmoja wakati uchapaji ukiendelea, na hati ikatoka na uzito wa zamani. "Kaka, mbona nimeshaubadilisha?" Nilimweleza kwamba kielekezi huonyesha hali ya jedwali kama ilivyokuwa kilipofunguliwa, na kwa malipo hilo ndilo tunalotaka, ili jumla na hati zisipishane. Hakupendezwa sana, lakini tangu siku ile humaliza masahihisho yote kwanza, ndipo abonyeze kitufe cha kuchapa.