Rangi ya Ngozi ya Nani?

Kwenye rafu za rangi za akriliki huku ughaibuni, usishangae ukikuta tyubu iliyopewa jina la "rangi ya ngozi". Ifungue uone: waridi iliyopauka. Ngozi ya nani hiyo? Kampuni ya Crayola iliiondolea krayoni yake jina hilo mwaka 1962 ikaiita pichi, kwa hiyo watu waliambiwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Na miongozo mingi ya kuchora uso bado inaanzia palepale: chukua waridi, ongeza nyeupe, halafu tia kahawia kidogo kwenye kivuli. Yaani sisi ndio kivuli.

Jambo hili linamuuma zaidi mtu aliyehama, kwa kuwa uso wake umeshachukuliwa na ofisi. Kila mmoja wetu ana bahasha ya picha za pasipoti zilizobaki: milimita 35 kwa 45 kwa nchi nyingi za Ulaya, 51 kwa 51 kwa Marekani, ukuta mweupe nyuma, mdomo umefungwa, macho mbele. Huo ndio uso unaozunguka kwenye mafaili. Kujichora kwa vifaa mchanganyiko, yaani rangi, picha zilizohamishwa, karatasi za kubandika, kitambaa na maandishi, ni nafasi ya kuweka uso mwingine juu ya ule. Neno "juu" nalitumia kwa maana yake kamili. Katika kazi hii maana inakaa kwenye mpangilio wa matabaka: kipi kiko chini, kipi kimekifunika, na wapi cha chini kimeachwa kichungulie.

Anza na ubao wa sentimita 30 kwa 40, unene milimita 6. Turubai inabonyea unaposugua, na nyuzi zake zinakatakata picha. Ukubwa huo pia unaingia kwenye begi la kabini la sentimita 55 kwa 40, na sisi ni watu wa kuhama. Paka jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, mara mbili mbele na mara mbili nyuma. Nyuma usiruke: upande mmoja ukinywa maji na mwingine usinywe, ubao utapinda. Jeso ikikauka, pitisha msasa namba 400 hadi kiganja kiteleze. Huna ubao? Karatasi ya rangi za maji ya gramu 300 kwa mita ya mraba inatosha, ila chagua yenye uso laini.

Sasa picha ya kuanzia. Simama ubavuni mwa dirisha, nyuma yako pawe na ukuta wa rangi ya wastani. Ukuta mweupe unaidanganya kamera: inapunguza mwanga wa picha nzima na uso wako unabaki doa. Gusa uso kwenye kioo cha simu, kisha pandisha mwanga hadi uone mstari wa taya ukitengana na shingo. Ugomvi wa kamera na ngozi nyeusi ni wa zamani. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za picha zilirekebisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, na kilichotoka sawa kwake ndicho kilichoitwa sahihi. Kwa hiyo uso ukitoka bila umbo, usijilaumu, na usikubali kuubakiza hivyo.

Chapa picha hiyo kwa printa ya leza au mashine ya fotokopi, nyeusi na nyeupe, kichwa kiwe na urefu wa sentimita 20 hivi. Printa ya wino haifai. Wino wake unayeyuka ukiguswa na maji. Tona, ule unga mweusi wa printa ya leza, ni plastiki iliyoyeyushwa kwa joto, maji hayaiwezi. Chapa nuru zaidi ya unavyoona kwenye kompyuta, kwa sababu tona hujaza vivuli na kuvifanya bamba moja.

Na hapa kuna uamuzi ambao wengi wanaupita bila kujua. Picha ikihamishwa, yaani tona ikiachana na karatasi na kubaki ubaoni, inageuka kushoto kulia. Ukiichapa jinsi ilivyo, uso utakaobaki ubaoni ni ule unaouona wewe kwenye kioo. Ukiigeuza kwanza, utabaki uso ambao wengine wanauona. Amua ni upi. Maandishi lazima uyageuze kabla, la sivyo yatasomeka kinyumenyume.

Kabla ya kuhamisha, paka ubao rangi ya udongo, kwa sababu sehemu nyeupe za fotokopi hazihamishi kitu. Zinabaki wazi na kuonyesha kilicho chini. Ukihamishia juu ya jeso tupu, paji la uso na mashavu yatakuwa meupe, na utahangaika wiki nzima kuyafunika. Ukihamishia juu ya siena iliyochomwa (kahawia nyekundu) iliyochanganywa na oka ya njano (njano ya udongo), tona inaleta vivuli na tabaka la chini linakuwa ngozi yako. Iwe ya wastani tu. Ikiwa nzito, tona itazama ndani yake. Majina ya rangi hubadilika kutoka kampuni hadi kampuni, kwa hiyo soma namba za pigmenti, yaani chembe za rangi yenyewe, nyuma ya tyubu: siena ni PBr7 au PR101, oka ni PY43 au PY42, buluu ya altramarini ni PB29, nyeupe ya titani ni PW6.

Paka jeli ya akriliki, gundi nzito inayokauka angavu, ubaoni, nyembamba na sawasawa, halafu laza fotokopi kifudifudi. Toa hewa kwa kadi ya zamani ya benki, kutoka katikati kwenda pembeni. Kila povu linalobaki litakuwa tundu, na povu hupenda kukaa chini ya jicho. Acha saa 24. Najua utatamani kuanza baada ya saa tatu, usianze. Kisha lowesha karatasi kwa maji ya kunyunyizia, subiri dakika mbili, sugua kwa ncha ya kidole kwa mizunguko midogo, karatasi itoke kama vijiuzi. Kucha hapana. Ikikauka utaona ukungu mweupe: ni nyuzi zilizobaki. Lowesha tena, sugua tena, hata mara tatu, halafu funga kwa jeli nyembamba. Ukiona weusi unatoka na nyuzi, umesugua kwa nguvu au jeli haikukauka. Liache tundu hilo, utalijaza kwa brashi.

Wapo wanaohamisha kwa asetoni, kiyeyushi kinachotumika kuondoa rangi ya kucha. Mchoraji Njideka Akunyili Crosby, aliyezaliwa Enugu, Nigeria, mwaka 1983 na anayeishi Los Angeles, hujaza nguo, sakafu na hata ngozi za watu wake kwa picha za magazeti na za familia alizozihamisha hivyo. Ukisogea karibu unaona bega limejaa nyuso nyingine. Mwanamke wa Kiafrika ndani ya nyumba ya Marekani, na nyumbani kwao kumepenya kwenye ukuta: kazi hiyo inanipa fahari kila ninapoitazama. Lakini asetoni inashika moto upesi na mvuke wake ni mkali. Kwenye chumba kimoja cha kupanga chenye dirisha la kufungua robo, tumia jeli.

Karatasi za maisha yako nazo zina tabia zao. Risiti za kutuma pesa, na tiketi nyingi za basi, ni karatasi za joto: zinafifia kwa mwanga na zinaweza kuwa nyeusi ukizigusa kwa joto au kemikali. Ukibandika halisi, baada ya miaka michache utabaki na mstatili mtupu. Gazeti hugeuka njano kwa sababu ya lignini, kemikali ya mti iliyobaki kwenye karatasi. Piga skani, chapa kwa leza kwenye karatasi isiyo na asidi, bandika hiyo. Pasipoti usiikate hata kama imekwisha muda. Tumia kopi, na funika namba na msimbo wa chini. Msimbo wa kadi ya kupandia ndege pia unabeba taarifa zako, kwa hiyo ukate kabla hujaonyesha kazi kwa mtu.

Wewe unayejiandaa kuja, nisikilize kwa hili. Piga skani picha za familia kabla hujaondoka, nukta 600 kwa inchi kwa za kawaida, 1200 kwa zile ndogo za pasipoti. Picha ya milimita 35 kwa 45 iliyopigwa skani kwa 1200 unaweza kuikuza mara nne na bado ikachapwa vizuri. Halafu waombe wazee wakuandikie majina yao kwa mkono, kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Simu itakupa sauti na sura zao, lakini mwandiko hutaupata kwa simu. Udongo usibebe, nchi nyingi, Marekani mojawapo, haziruhusu udongo kuingizwa bila kibali. Siena na amba (kahawia nyingine) zenyewe ni udongo, na wekundu wake unatokana na oksidi ya chuma, ileile inayofanya ardhi iwe nyekundu.

Na ndiyo hiyo itakayokupa ngozi. Changanya siena sehemu tatu na altramarini sehemu moja: utapata kahawia nzito yenye uhai. Ongeza buluu kwa kivuli cha shingo na ndani ya masikio. Nyeusi ya tyubu iache, inaua rangi. Makosa makubwa yako kwenye sehemu zinazong'aa. Watu hutia nyeupe, na ngozi inakuwa kijivujivu, imepauka kama haijapakwa mafuta. Anza na oka, kisha nyeupe kiasi cha ncha ya brashi. Halafu tazama mwanga unatoka wapi: ngozi nyeusi hurudisha rangi ya mwanga wenyewe, hivyo kwenye dirisha mng'ao wa paji huelekea buluu, chini ya taa huelekea chungwa. Akriliki ikikauka huwa nzito kidogo, kwa sababu gundi yake ni nyeupe kama maziwa ikiwa mbichi na huwa angavu baadaye. Jaribu kwenye kipande cha karatasi, subiri dakika kumi, ndipo upake.

Tukija kwenye matarajio, yaani ndoto utakayoiweka kwenye picha, ndege, ghorofa na noti ziache. Hizo ni ndoto za bango la wakala wa viza. Uliza: miaka mitano ijayo, asubuhi, mikono yangu imeshika nini? Ufunguo wa mlango usio wa kupanga? Chaki? Bisibisi? Kitu hicho kiweke chini ya karatasi nyembamba, sugua juu kwa penseli ya 6B hadi umbo litokee. Au kichore kwa wino usioyeyuka kwenye karatasi laini ya kufungia zawadi, wino ukauke kabisa, ukibandike kwa jeli. Karatasi hiyo inakuwa angavu na mchoro unabaki ukielea juu ya uso. Uweke kifuani au mbele ya kidevu. Ukiuweka juu ya kichwa unakuwa wingu, na wingu halina kazi.

Na jiulize ndoto hiyo ni ya nani. Wengi wetu tulitumwa. Ada za wadogo, paa la nyumba ya wazazi, hayo nayo yako ndani ya uso wako na ni haki yaonekane. Miandiko ya waliokutuma iende tabaka la chini kabisa, chini ya ile rangi ya udongo iliyopakwa nyepesi, ipenye kwenye mashavu. Chako kiwe juu. Nimeona kazi nyingi ambamo mtu amejaza vya wengine hadi hakubaki na sentimita moja ya kwake, na anaiita picha yake.

Kitambaa kije karibu na mwisho. Kifue kwanza kitoe wanga wa kiwandani, paka jeli kwenye mstari wa kukatia, kikauke, ndipo ukate, nyuzi hazitachomoka. Pasteli za mafuta, zile chaki za rangi zenye mafuta, ni za mwisho kabisa, maana akriliki haishiki juu ya mafuta, itabanduka.

Ukihama, usiifunge moja kwa moja kwa plastiki ya mapovu. Akriliki hulainika kwenye joto, na utakuta duara ndogondogo zimejichapa usoni. Weka kwanza karatasi ya kuokea yenye silikoni, kisha kadibodi, kisha plastiki. Nyuma ya ubao andika tarehe, vifaa vyote ulivyotumia, na jina lako kamili, yote matatu, kwa mpangilio unaoitwa nyumbani.