Pale Sauti Ilipoteremka

Jana binti yangu alichomeka ile flashi ya zamani kwenye laptopu, akasikiliza kidogo, akaniuliza, "Baba, anayeimba hapa ni mtu ama ni mashine?"

Ni Mjomba. Ni mwaka 2011, Kondele, Kisumu, katika ile studio ya trei za mayai ukutani. Alikuwa amemzika mkewe miezi miwili nyuma. Alikuja kwa boda boda, nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, ameikumbatia kama mtoto mgonjwa, akitaka wimbo wa kumlilia marehemu ubaki hata yeye akiondoka.

Tulirekodi mara moja tu. Alikaa kwenye kigoda, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mbao ya nyatiti. Kila alipofika kwenye jina la mkewe, sauti iliteremka. Haikufika hata nusu noti, kisha ikapanda taratibu, kama mtu anayeinuka na mzigo. Mimi mwenye hedifoni niliwaza jambo moja: ameikosa noti.

Nilikuwa nimepata programu ya kunyoosha sauti, na niliiamini mno. Ya kwanza kuvuma katika jamii hiyo, Auto-Tune, ilitoka mwaka 1997; aliyeibuni, Andy Hildebrand, alikuwa mtu wa kuchambua mitetemo ya ardhini katika kutafuta mafuta. Inapima mtetemo wa sauti, inatafuta noti iliyo karibu, inaivuta sauti mpaka pale. Noti zenyewe ni za kinanda, 12 katika oktavu. Nyatiti ina nyuzi 8, na Mjomba alizikaza kwa sikio lake. Hilo nililijua tangu utotoni, na bado niliweka kasi ya juu kabisa, nikaongeza kichujio cha kelele. Diski ilikuwa imejaa, nikahifadhi juu ya rekodi ya kwanza.

Kesho yake nikamvalisha hedifoni. Aliinamisha kichwa. Kidole gumba kikaanza kugonga sakafu ndani ya akala, kikiitafuta pete yake. Kichujio kilikuwa kimeimeza. Jina la mkewe likafika, limenyooka kama rula. Sauti ilikuwa imehamishwa, nyuzi zimebaki pale pale, na hazikupatana tena. Kidole kikasimama. Akavua hedifoni polepole, akaipangusa jasho lake kwa kiganja, akaiweka mezani.

"Mwanangu, hapa nilipokuwa nalia, umenipeleka wapi?"

Nilimwambia rekodi ya kwanza haipo. Hakukasirika. Wiki iliyofuata aliimba tena, na sikugusa kitu. Pete imo, njuga zimo. Lakini jina alilipita bila kuteremka. Labda machozi yalikuwa yamepungua. Labda mimi ndiye niliyemfundisha kupaogopa pale.

Jumamosi tunamkumbuka nyumbani Seme, na binti yangu anataka kujua tucheze rekodi ipi. Nimezisikiliza zote mbili tangu alfajiri. Katika ile niliyoiharibu, kabla ya kulitaja jina mara ya tatu, Mjomba anavuta pumzi, nayo inakwama kidogo kooni. Pumzi haina noti, kwa hiyo programu iliiacha ilivyo. Nimezikata sekunde hizo mbili, nikazihifadhi peke yake.