Siku ya Pili Uwanjani: Siku Moja Maishani mwa Mwamuzi wa Upondo

Saa 11:30 alfajiri. Naamka na magoti ya jana. Mashindano yetu ya kila mwaka ya dekathloni (michezo kumi, ya wanaume) na heptathloni (michezo saba, ya wanawake) ni ya siku mbili. Jana wanaume walimaliza mita 100, kuruka chini (kuruka mbali), tufe, kuruka juu na mita 400. Wanawake wao walimaliza viunzi, kuruka juu, tufe na mita 200. Leo wanaume wamebakiwa na viunzi, kisahani, upondo, mkuki na mita 1500. Mimi ni mwamuzi wa upondo, yaani kuruka juu kwa kujiinua na mti mrefu, kwa hiyo siku yangu hasa ni leo.

Wanaotuona kutoka jukwaani, na sare na vibendera vyetu, hudhani tumepewa nafasi ya karibu tutazame bure. Naandika haya kwa ajili yao.

Saa 1:00 asubuhi. Tunafika kabla ya wanariadha. Tunaondoa turubai kwenye godoro, tunafagia njia ya kukimbilia, tunakausha kisanduku cha kuchomekea upondo. Kisha tunapima kimo cha ufito, ule mti mwembamba ambao mrukaji anapaswa kuuvuka bila kuuangusha. Tunapimia katikati, kwa sababu ufito wa mita nne na nusu hulala kidogo, na kinachohesabika ni pale palipo chini kabisa upande wake wa juu. Tunapima, tunashusha, tunapandisha, tunapima tena.

Saa 3:30 hadi saa 6:00. Viunzi, halafu kisahani kwa makundi mawili, huku wanawake wakiruka chini upande wa pili. Mambo yamekwenda vizuri.

Saa 6:30 mchana. Wanariadha wanaletwa kwetu na mifuko mirefu ya pondo. Hapa ndipo kazi yangu inapoanza kwa dhati. Namwendea kila mmoja na kumwuliza mambo mawili: utaanza kimo gani, na nguzo tukuwekee wapi? Wengi hawajui kwamba nguzo zinazobeba ufito husogezwa. Mrukaji anaruhusiwa kuchagua zisimame popote, kuanzia mstari wa sifuri kwenye kisanduku hadi sentimita 80 kuelekea godoro. Mwenye kasi na upondo mgumu hufikia kilele chake mbele zaidi, kwa hiyo hutaka nguzo zisogezwe zaidi kuelekea godoro. Tukiweka 50 palipotakiwa 70, anaweza kupita juu ya ufito akiwa salama kabisa kisha akauangusha akishuka. Ndiyo maana karatasi yangu siiachii mtu.

Saa 7:30 mchana. Tunaanza. Kwenye dekathloni ufito hupanda sentimita 10 kila mara, tangu mwanzo hadi mwisho, na kimo cha kwanza hupangwa kwa kumwangalia aliye dhaifu zaidi katika kundi. Maana yake bingwa wa upondo anapasha mwili moto, kisha anakaa juani saa mbili akisubiri wenzake wamalize vimo vya chini. Tunawaona wakilala na taulo usoni, wakiamka, wakikimbia kidogo, wakilala tena. Kila anayeruka ana dakika moja, na dakika hiyo huanza kuhesabiwa nguzo zikishawekwa alipotaka. Zikibaki sekunde 15 nainua kibendera cha njano. Akivuka, cheupe. Akiangusha, chekundu. Halafu jina linalofuata, nguzo zisogezwe, ufito urudishwe, saa ianze.

Sentimita hizo 10 si kitu kidogo. Mita 4.90 zina pointi 880, mita 5.00 zina 910. Kwa mtu anayekimbia mita 1500 kwa dakika nne na nusu, pointi hizo 30 ni karibu sekunde tano, na sekunde tano jioni ya leo hakuna atakayezipata kwa urahisi. Kwa hiyo kila mruko hapa tunauhesabu kwa uzito wake.

Saa 8 na kitu, kocha mmoja anaanza kupiga kelele kutoka kwenye uzio.

"Mwamuzi! Kijana wangu ni 60. Hizo nguzo ni 60?"

"Ni 50, kocha. Ndivyo alivyoagiza."

"Haiwezekani! Mimi ndiye ninayemfundisha!"

Wakati huo mwanariadha mwingine kabisa, naye aliyeagiza 50, yuko kwenye njia, upondo begani, saa yake inahesabu. Namwinulia kocha mkono anyamaze. Hanyamazi. Kijana aliye kwenye njia anashusha upondo, anaangalia saa, anaupandisha tena, anakimbia nusu nusu na kuuangusha ufito. Nainua kibendera chekundu nikiwa nimekasirika, maana ule mruko uliharibiwa na mtu asiye hata na haki ya kuwa ndani ya uzio.

Namwita mwamuzi mkuu. Utepe unatolewa, unanyooshwa mbele ya macho ya kocha: 50. Anadai karatasi imeandikwa vibaya. Mwanariadha wake anaitwa. Anasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo kocha, ni mimi niliyebadilisha. Upepo ulikuwa unanizuia." Kocha haombi radhi, anageuka tu na kwenda zake. Zimekwisha zaidi ya dakika kumi, na katika dakika hizo upepo umezidi, sasa unawapiga usoni kwa nguvu wote waliobaki. Hilo hakuna fomu ya kuliandikia malalamiko.

Redio kiunoni inaita. "Upondo, mmefika wapi?" Nasema kimo. Baada ya muda inaita tena. Mkuki unatusubiri, mita 1500 zinasubiri mkuki, na kanuni inataka mwanariadha apate angalau dakika 30 za kupumzika kati ya mchezo na mchezo inapowezekana. Tukichelewa sisi, uwanja mzima umechelewa. Lakini siwezi kumharakisha mtu anayebeba upondo wa mita tano kwenda kujirusha hewani, na sitamharakisha.

Jua linazidi. Mikono inauma kwa kurudisha ufito juu kwa vijiti vyetu virefu. Sikumbuki nilikunywa maji lini.

Kisha kijana mmoja, aliyekuwa akishindania nafasi za juu tangu jana, anaingia kwenye 4.60, kimo chake cha kwanza. Anaangusha. Anabadilisha upondo, anaangusha. Mara ya tatu upondo unamkataa kabisa, anapita chini ya ufito. Sifuri. Kimo hicho kilikuwa na pointi 790, na zote zimeondoka kwa miruko mitatu. Anabaki amekaa ukingoni mwa godoro, na mimi ndiye ninayepaswa kumwambia apishe, kwa sababu kuna mwingine anayesubiri. Hakuna sehemu ya kazi hii ninayoichukia kama hiyo.

Angeweza kuondoka. Lakini asipojitokeza kwenye mkuki anafutwa katika matokeo yote, kana kwamba jana hakukimbia. Nilimwona baadaye akienda kuchagua mkuki wake. Kevin Mayer, mwanadekathloni wa Ufaransa, naye yalimkuta: Agosti 2018 pale Berlin aliharibu miruko yake yote mitatu ya kuruka chini kwenye ubingwa wa Ulaya. Septemba mwaka huo huo akaenda Talence, Ufaransa, kwenye mashindano ya kila mwaka kama haya, akaruka upondo mita 5.45 na kuweka rekodi ya dunia ya pointi 9126. Roman Šebrle wa Jamhuri ya Cheki alikuwa wa kwanza kuvuka pointi 9000 za dekathloni mwaka 2001 pale Götzis, Austria, na hapo hapo mwaka 2005 Margaret Simpson wa Ghana alipata 6423 kwenye heptathloni, rekodi ya Afrika. Hayo hayakutokea Olimpiki. Na kila rekodi ya namna hiyo ya dekathloni ilipita mikononi mwa mtu aliyesimama kando ya nguzo na karatasi.

Jioni sijui ni saa ngapi tulipomaliza. Mkuki ulipita, wanawake wakakimbia mita 800, halafu taa zikawashwa kwa mita 1500, wanaoongoza wote katika kundi la mwisho. Walipovuka mstari walilala chini, wa kwanza na wa mwisho pamoja. Yule wa sifuri alikuwamo. Sisi tulikuwa bado tunafunika godoro na kuhakiki karatasi, jina kwa jina, kimo kwa kimo, kabla ya kutia sahihi.

Mkija mwakani, siku ya pili msiende kula mchana upondo ukianza. Kaeni upande wa njia ya kukimbilia, muwe na kofia na maji, muziangalie nguzo zikisogezwa kabla ya kila mruko. Na mtu akiwa na upondo begani, tafadhali nyamazeni.