Kumbukumbu ya mradi: kusuka msalaba wa Brigid kwa ajili ya Imbolc

Wiki ya mwisho ya Januari, Kildare, Ayalandi

Mwaka huu Imbolc naisherehekea kwa mikono. Sikukuu hii ya kale ya Waselti, wenyeji wa zamani wa Ayalandi, huangukia tarehe 1 Februari, wakati kondoo wanapoanza kutoa maziwa na giza la baridi kupungua. Tangu 2023 serikali imeipa mapumziko ya kitaifa, kwa jina la Brigid. Wapagani humtukuza kama mungu wa kike wa washairi, waganga na wahunzi. Wakristo humheshimu kama mtakatifu aliyeanzisha monasteri ya mji huu. Msalaba wa mafunjo wanausuka wote, ndiyo maana nimeanza na huo.

Mkesha, 31 Januari

Kwa desturi mafunjo hung'olewa, hayakatwi. Niliyapata shambani penye majimaji kwa jirani, nikayaviringisha kwenye taulo bichi yasikauke.

Funjo la kwanza linasimama wima. La pili unalikunja katikati, linalikumbatia la kwanza, ncha zake zikielekea kulia. Geuza kazi yote robo mzunguko kuelekea kushoto, kunja jingine juu ya hayo, vuta, geuza tena. Ukifika unene unaoutaka, funga mikono minne kwa uzi na usawazishe ncha.

Nimekulia kwenye nyumba ya wasuka ukili, na vidole vyangu vilitaka kupitisha juu na chini kama kwenye miyaa. Hapa hakuna kupishana kabisa! Kila funjo linabanwa na linalofuata, kwa hiyo kidole gumba hakiachii kitovu hata kidogo mpaka mkunjo wa mwisho. Nimeupenda sana ufundi huu: hakuna gundi wala msumari, ni kubanana tu.

Usiku nikatundika kitambaa nje, kwenye ua wa miti. Inaaminika Brigid hupita usiku huo na kukibariki, kisha hutumika kutuliza maumivu ya kichwa.

1 Februari

Msalaba uko juu ya mlango, ambako kwa imani ya wenyeji huikinga nyumba na moto. Baadaye nilikwenda uwanja wa soko. Karne ya 12, kasisi na mwandishi Gerald wa Wales aliandika juu ya moto wa Kildare uliolindwa na watawa usizimike. Ulikuja kuzimwa, na mwaka 1993 masista wa shirika la Brigid wakauwasha upya. Tangu 2006 mwali wake una mnara wake hapo uwanjani. Ubishi wa nani mwenye Brigid hauniingii. Moto umewashwa na masista, na wapagani wanakuja kuuota.

Kinachofuata

Msalaba wa mikono mitatu, ambao zamani ulitundikwa kwenye mazizi. Badala ya robo unageuza theluthi, na pembe zake hazitulii upesi. Mafunjo yapo kwenye ndoo ya maji, na jirani ameshanionyesha boriti ya zizi lake pa kuutundika.